Fisi Maji na Alama Zake Kando ya Ziwa

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima

KABLA YA SOMO. Msimamizi wa darasa aandike ubaoni maneno haya, na darasa lote liyasome mara mbili kwa sauti: fisi maji, unyayo, utando, kinyesi, magamba, kaa, mwalo, ushahidi.

  Ninyi mlioko Bariadi mjini, ninyi mlioko Itilima, Maswa na Meatu, na ninyi ndugu zetu wa Busega mnaoamka kila siku mkiliona ziwa, sogeeni karibu. Kila mtu awe na daftari lake na kalamu yake.

Tangu ulipoanza darasa hili umejifunza kuzitambua herufi. Zamani ulipotazama gazeti uliona vidudu vyeusi tu juu ya karatasi. Sasa unaona maneno. Herufi hazikubadilika, ni wewe uliyejifunza. Leo tutasoma maandishi ya namna nyingine. Hayakuandikwa kwa wino. Yameandikwa kwa nyayo, kwa mifupa ya samaki na kwa kinyesi, na mwandishi wake ni mnyama aitwaye fisi maji.

Huenda ukauliza, "Habari za mnyama huyu zitanifaa nini?" Basi, tuanze na ugomvi.

Tuseme mvuvi mmoja wa upande wa Lamadi anakwenda alfajiri kutazama nyavu zake alizozitega karibu na ufuko. Anakuta wavu mmoja umechanika. Sato wawili, kila mmoja urefu wa mkono toka kiwiko hadi vidoleni, wameliwa, vimebaki vichwa. Anarudi mwaloni kwa hasira. "Ni fisi maji," asema. "Tumtegee sumu afe." Mwenzake ajibu, "Mimi nadhani ni kenge." Wa tatu asema, "Mamba tu huyo." Wote watatu wanapiga kelele, wala hapana hata mmoja aliyetazama chini.

Wavu ni mali. Ukichanika, chakula cha nyumbani hupungua, na sare na madaftari ya watoto hukosekana. Mtu huyu ana haki ya kukasirika. Lakini hasira haisomi alama. Sikiliza somo hili kwa makini, maana mwishoni tutarudi kwa wavuvi hawa watatu, na wewe ndiye utakayewaamua.

1. FISI MAJI NI MNYAMA GANI?

Jina lake lina neno fisi, lakini yeye si fisi. Ndugu zake ni nyegere na kicheche. Jina hili limemdhuru, kwa sababu fisi hutajwa sana katika habari za uchawi, na mtu akisikia kwamba fisi yumo majini huingiwa na hofu bure.

Fisi maji ni mnyama anayenyonyesha watoto wake. Ana mwili mrefu, miguu mifupi, manyoya mafupi mazito ya rangi ya kahawia, na mkia mnene unaochongoka mwishoni. Huogelea na kuzamia kwa ustadi sana. Walakini hupumua hewa kama wewe na mimi. Akinaswa chini ya maji asiweze kupanda juu, hufa.

Katika Ziwa Victoria wako fisi maji wa aina mbili. Andika namba 1 na namba 2 katika daftari lako.

Namba 1 ni fisi maji mwenye madoa shingoni. Huyu ni mdogo. Uzito wake ni kama kilo 4 hadi 6, yaani karibu na paka dume mkubwa. Kooni na shingoni ana madoa meupe au ya rangi ya maziwa. Madoa ya mmoja hayafanani na ya mwingine, na wataalamu huyatumia kumtambua kila mmoja. Kumbuka siku ulipokuwa hujui kuandika, ukaweka dole gumba lako juu ya karatasi. Dole gumba lako halifanani na la jirani yako. Madoa ya fisi maji ni kama hivyo. Miguu yake yote minne ina utando kati ya vidole, kama mguu wa bata, na kila kidole kina ukucha.

Namba 2 ni fisi maji asiye na kucha. Huyu ni mkubwa. Uzito wake waweza kufika kilo 20, yaani kama mbwa wa kijijini. Koo lake na mashavu yake ni meupe, bila madoa. Miguu yake ya mbele haina kucha wala utando. Ina vidole kama vya mtu. Kwa vidole hivyo hupapasa chini ya mawe na ndani ya tope, kama mama anayetafuta sarafu iliyoanguka gizani. Miguu ya nyuma ina utando kidogo, na kucha ndogo chache tu ambazo hujichania manyoya.

Weka tofauti hii moyoni: namba 1 huwinda kwa macho, namba 2 huwinda hasa kwa kupapasa. Tutaihitaji baadaye.

2. TUTAFUTE WAPI, NA KWA HADHARI GANI?

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, na makao yake makuu ni Bariadi. Katika wilaya zake, ni Busega peke yake inayogusa Ziwa Victoria. Sehemu hiyo ya ziwa huitwa Ghuba ya Speke. Mto Simiyu, uliolipa jina mkoa wetu, hupita na kuingia katika ghuba hiyo upande wa Magu.

Fisi maji hupenda mahali penye maji na maficho pamoja. Basi tafuta penye mawe makubwa ukingoni, penye matete na mafunjo, penye mizizi ya miti iliyoinamia maji, na pale vijito vinapoingia ziwani. Ufuko mtupu uliolimwa mpaka majini haumfai, kwa kuwa hana pa kulala wala pa kuficha watoto wake. Fisi maji namba 2 hufuata pia mito na vidimbwi, ili mradi pawe na maji na kaa. Kwa hiyo hata wewe unayeishi mbali na ziwa, ukipita kwenye kivuko cha mto, tazama tope la pembeni.

Saa nzuri ya kutazama ni asubuhi mapema, kabla ya ng'ombe kushuka kunywa maji. Kwato za ng'ombe hufuta maandishi yote.

Sasa sikiliza hadhari nne. Kwanza, usiende peke yako, maana kando ya maji wako mamba na viboko. Pili, usiingie majini bila sababu. Katika maji ya ukingoni wamo konokono wanaoeneza ugonjwa wa kichocho, na ugonjwa huo uko katika sehemu zetu. Tatu, usishike kinyesi cha mnyama kwa mkono mtupu. Tumia kijiti, kisha nawa mikono kwa sabuni. Nne, ukiona shimo lenye watoto wa mnyama, rudi nyuma. Mama akitetea watoto wake huuma.

3. KUZISOMA NYAYO

Katika kuzisoma nyayo, kazi ya kwanza ni kuhesabu vidole. Chuchumaa, tazama tope lenye unyevu, uhesabu.

Mbwa akikanyaga, unaona vidole vinne. Fisi wa porini naye ni vinne. Paka ni vinne. Fisi maji ni vitano, mbele na nyuma. Kwa hiyo ukihesabu vinne vilivyo wazi kabisa, futa jina la fisi maji daftarini.

Ukihesabu vitano, usishangilie bado. Kenge naye ana vidole vitano. Lakini vidole vya kenge ni vyembamba na virefu, vina kucha ndefu kali, na katikati ya nyayo zake utaona mstari unaokwenda huku na huku kama nyoka. Huo ni mkia wake anaouburuta. Mamba huacha nyayo pana zaidi, na mara nyingi alama ya mkia mzito au tumbo lililopita juu ya tope.

Nguchiro wa maji naye hutembea kando ya ziwa na mito. Unyayo wake ni mdogo, vidole vyake vimetengana, na hapana alama ya utando.

Sasa unyayo wa fisi maji wenyewe. Wa namba 1 ni mdogo na wa mviringo. Katika tope laini utaona nukta za kucha mbele ya vidole, na kati ya vidole utando umebonyeza tope kidogo. Unyayo wa mbele wa namba 2 ni mkubwa, karibu upana wa kiganja cha mtu, na ncha za vidole ni za mviringo bila nukta za kucha. Mtu asiyejua aweza kudhani mtoto amepita akatambaa kwa mikono.

Tope likiwa gumu, au pakiwa pa mchanga mkavu, utando hauonekani. Basi usikate shauri kwa unyayo mmoja. Fuata nyayo hatua kumi mbele na hatua kumi nyuma. Herufi moja haifanyi neno.

4. KUKISOMA KINYESI

Ndugu mwanafunzi, usicheke. Daktari hupima choo cha mgonjwa ajue tumboni mna nini. Nasi tutafanya kama daktari.

Fisi maji ana desturi ya kwenda haja mahali pale pale, mara nyingi juu ya jiwe, juu ya kichuguu au penye nyasi fupi, hatua chache kutoka majini. Huko utakuta kinyesi kipya juu ya cha zamani. Hafanyi hivyo kwa uvivu. Harufu ile ni barua kwa fisi maji wengine, kuwaambia kwamba mahali hapa pana mwenyewe.

Kinyesi kipya ni cheusi au cha kahawia, chenye utelezi, na hunuka samaki. Kikikaa juani hukauka, huwa cha kijivu au cheupe, na hupukutika. Kikiwa na magamba mengi ya kaa, rangi yake huelekea wekundu. Tazama pia unene wake. Kinyesi cha namba 1 ni chembamba, kama kidole cha mtu. Kinyesi cha namba 2 ni kinene zaidi, kama sentimita 2 na nusu hivi.

Wako wanyama wengine wa kutudanganya. Kinyesi cha nguchiro wa maji chaweza kuwa na magamba ya kaa, lakini mara nyingi utaona na nywele za panya au manyoya ya ndege. Kinyesi cha kenge huwa na sehemu nyeupe kama chokaa, na hiyo ni mkojo wake mgumu. Ndege mnandi hutapika kidonge chenye mifupa ya samaki. Utakikuta chini ya mti au jiwe ambapo mnandi hutua, na mahali hapo pote huwa peupe kwa mavi ya ndege.

Sasa pasua kinyesi cha fisi maji kwa kijiti juu ya jani pana, utawanye vilivyomo. Utaona nini?

Ukiona vipande vyembamba vya mviringo vinavyong'aa, hayo ni magamba ya samaki. Ukiona vipande vigumu vya gamba lenye rangi, pamoja na ncha za magando, huyo ni kaa. Ukiona mifupa myembamba mirefu isiyo ya samaki, huenda ni chura. Ukiona mabawa na miguu ya wadudu, ni wadudu.

Lakini utajuaje ni samaki gani? Hapa nitakufundisha jambo ambalo wataalamu wenyewe hufanya. Unapokula sato nyumbani, usitupe mifupa yote. Chukua magamba machache, mfupa wa taya na pingili moja ya uti wa mgongo. Vichemshe, vikaushe, uvibandike katika karatasi, kisha andika chini yake: SATO. Fanya vivyo hivyo kwa sangara, kwa furu, kwa kambare na kwa dagaa. Baada ya miezi michache utakuwa na kamusi ya mifupa. Ukipata mfupa katika kinyesi, ulinganishe na kamusi yako. Pingili ya uti wa mgongo itakuonyesha pia ukubwa, kwa kuwa samaki mkubwa ana pingili nene na samaki mdogo ana pingili kama punje ya mtama.

5. FISI MAJI HULA NINI?

Namba 1 hula hasa samaki, na zaidi wale wadogo, wasiozidi urefu wa shubiri moja hivi. Huongeza kaa, vyura na wadudu. Samaki mdogo humla palepale majini. Mkubwa humpandisha ufukoni au juu ya jiwe.

Namba 2 hupenda kaa kuliko vyote. Meno yake ya nyuma ni mapana ya kusagia, yanaweza kuvunja gamba la kaa kama kinu kinavyovunja nafaka. Hula pia vyura, konokono na samaki wa polepole kama kambare.

Sasa fanya hesabu. Tuseme umekusanya kinyesi mafungu 10 juu ya jiwe moja. Mafungu 6 yana magamba ya samaki wadogo. Mafungu 3 yana kaa. Fungu 1 lina mifupa tu, bila magamba. Je, wavuvi wa mahali pale waseme fisi maji amekula samaki mara ngapi? Wengi watajibu 6. Lakini ngoja kidogo. Kambare hana magamba. Lile fungu 1 la mifupa mitupu laweza kuwa kambare. Litazame tena: mifupa ya kichwa cha kambare ni migumu na ina chembechembe, na mwiba wa pezi lake una meno kama msumeno. Ukiviona hivyo, jibu ni 7 katika 10. Ndiyo sababu msomaji mwema husoma mara ya pili.

6. ZIWA LIMEBADILIKA

Habari za mnyama huyu zimeandikwa zamani. Mwaka 1963 mtafiti aliyeitwa Procter alichapisha habari za fisi maji mwenye madoa katika Tanganyika. Mwaka 1990 Hans Kruuk na mwenzake Goudswaard walichapisha utafiti kuhusu chakula cha fisi maji wa aina zote mbili katika Ziwa Victoria, na jinsi mabadiliko ya samaki yalivyokigusa chakula hicho.

Mabadiliko gani? Wazee wa Busega wanayajua. Zamani ziwa lilijaa furu, samaki wadogo wa aina mamia. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 sangara alitiwa ziwani. Alikaa miaka mingi bila kuonekana sana. Katika miaka ya 1980 akaongezeka mno, na furu wakapungua, hata aina nyingi zikatoweka. Baadaye baadhi ya furu walianza kurudi. Sangara mkubwa huleta fedha kwa mtu, lakini fisi maji wa kilo 5 hawezi kumla samaki mzito kuliko yeye. Chakula chake ni samaki wadogo. Wakipungua, naye hupata shida.

Tena kuna jambo la maji yenyewe. Ulikumbuka kwamba namba 1 huwinda kwa macho? Maji yakichafuka kwa udongo, haoni. Na udongo huo hutoka wapi? Hapa ndipo ndugu wa Bariadi wanapoingia katika somo. Mvua ikinyesha juu ya shamba la pamba lisilo na matuta, au juu ya mbuga iliyokwanguliwa na mifugo, udongo huteremka mpaka mtoni, na Mto Simiyu huupeleka ziwani. Mkulima wa Bariadi aweza kumaliza maisha yake asimwone fisi maji hata mara moja, na hali jembe lake linagusa chakula cha mnyama huyo, na mazalio ya samaki wa jirani yake wa Busega pia.

Magugu maji nayo yalionekana upande wa Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1980, yakafunika ufuko mahali pengi. Pamoja na hayo ziko nyavu. Fisi maji huingia wavuni akifuata samaki, akanaswa, akafa kwa kukosa hewa. Kwa sababu hizo aina zote mbili zimewekwa na wahifadhi wa dunia katika orodha ya wanyama walio karibu kuingia hatarini. Bado wako mahali ambapo huonekana vizuri, kama Kisiwa cha Rubondo, kilicho hifadhi ya taifa tangu 1977. Kule kingo za kisiwa zina msitu, na uvuvi umezuiwa.

7. TURUDI MWALONI

Sasa simama, wewe uliyesoma somo hili. Wavuvi watatu wanakungoja. Unatembea nao kandokando ya mahali wavu ulipotegwa.

Juu ya jiwe, hatua thelathini kutoka hapo, unakuta kinyesi kipya, chembamba kama kidole. Unakipasua. Mna magamba madogo ya furu, pingili kama punje za mtama, na kipande cha gando la kaa. Ukingoni, mbele ya wavu wenyewe, unakuta nyayo za vidole vitano virefu vyenye kucha ndefu, na mstari wa mkia unaopinda katikati. Nyayo zinashuka majini, zinapanda tena. Alama ya mamba huioni.

Utasemaje?

Fisi maji alikuwapo usiku ule, hilo kinyesi kimethibitisha. Lakini alichokula ni furu na kaa, wala pingili ya sato mkubwa haimo. Kenge naye alikuwapo, tena mbele ya wavu. Basi ushahidi unamwelekea kenge zaidi. Mamba hana alama, lakini kukosa alama peke yake hakumtoi mtu hatiani, kwa kuwa mamba aweza kuja na kuondoka ndani ya maji.

Kuwa mkweli pia kwa yule mvuvi mwenye hasira. Fisi maji huiba samaki wavuni mara nyingine. Hakuna faida kulificha jambo hilo. Tena kinyesi husema samaki gani aliliwa; hakisemi samaki huyo alikuwa wa nani. Furu wale waliweza kuwa huru majini, au waliweza kuwa wamenaswa. Ndiyo sababu hatukati shauri kwa siku moja. Twaandika tarehe, mahali na tulichokiona, siku baada ya siku, kisha twasoma daftari lote.

Na shauri la sumu? Likataeni kabisa. Sumu haichagui. Itamwua mbwa wako, na ikiingia majini itafika katika mtungi wa nyumbani kwako. Tena kuua mnyama wa porini bila kibali ni kosa katika Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Badala yake fanyeni haya. Msitege nyavu karibu na jiwe ambalo fisi maji huenda haja kila siku. Ziendeeni nyavu mapema, zisikae na samaki mpaka jua lipande. Matumbo ya samaki yafukieni mbali na maji, kwa maana ndiyo yanayomwita kenge mwaloni. Hasara ikizidi, kamwiteni afisa wa wanyamapori wa wilaya, mkamwonyeshe daftari lenu. Mtu mwenye tarehe na hesabu husikilizwa kuliko mwenye kelele.

Mwisho, yaacheni matete yasimame. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Matete hayo hushika udongo, na ndani yake samaki wadogo hujificha wakue. Fisi maji akiwa na samaki wadogo wa kutosha mateteni, hana haja kubwa ya kuja wavuni kwako.

MASWALI YA DARASA

1. Fisi maji ana vidole vingapi katika kila mguu? Mbwa je?
2. Utatofautishaje nyayo za kenge na za fisi maji?
3. Kwa nini fungu la kinyesi lisilo na magamba laweza kuwa bado lina samaki?
4. Mkulima wa Bariadi anahusikaje na fisi maji wa Busega?
5. Mvuvi wa kwanza alisema, "Ni fisi maji." Je, alikuwa na ushahidi, au alikuwa na dhana tu? Eleza tofauti ya maneno hayo mawili.

KAZI YA WIKI HII

Piga mistari katika daftari lako, upate safu nne. Juu yake andika: TAREHE, MAHALI, ALAMA NILIYOIONA, NAFIKIRI NI NANI. Wewe unayeishi kando ya ziwa, enda na mwenzako asubuhi mbili, mkaandike. Wewe unayeishi mbali, enda mpaka kivuko cha mto au bwawa la kijiji, ukahesabu vidole vya kila unyayo utakaouona. Safu ya nne uiandike mwisho, baada ya kutazama mara ya pili. Ukiwa hujui, andika "sijui". Neno hilo nalo umejifunza kuliandika, na si aibu kulitumia.

Kwaherini, ndugu zangu. Someni vizuri.